Bamia haziongezi mafuta ya goti

Wagonjwa wengi wa magoti hufika kliniki wakiwa wameshakula bamia za kutosha. Wameambiwa mafuta ya goti yameisha na utelezi wa bamia utayarudisha. Bamia ni mboga nzuri, nami kwa ugali siikatai, lakini utelezi wake hupita tumboni na utumboni kama chakula kingine. Hauna njia ya kufika gotini.

Kinachopungua ni gegedu, utando mgumu wenye kuteleza unaofunika ncha za mifupa. Mfupa ulio chini yake nao hubadilika, na kiungo huvimba mara kwa mara. Umri, uzito, urithi na jeraha la zamani vyote huchangia. Ila eksirei haipimi maumivu: wapo wenye picha za kutisha wanaopanda ngazi, na wapo wenye picha nzuri wanaochechemea.

Kwa hiyo picha mbaya si sababu ya kupumzisha mguu miezi na miezi; ushauri huo huwa naupinga. Msuli wa mbele ya paja usipofanya kazi hukonda, na goti huachiwa mzigo peke yake. Denmark walianzisha mwaka 2013 mpango wa GLA:D, ambao humpa mgonjwa masomo machache kuhusu ugonjwa wake na vipindi 12 vya mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mazoezi yenyewe hayana makuu: kuinuka kitini polepole bila kushika meza, kupanda kidato na kushuka, kusimama kwa mguu mmoja. Maumivu kidogo hayamaanishi kwamba unajisaga. Yakiwa yametulia kesho yake, endelea. Yakizidi, punguza dozi ya zoezi, usiache. Na mpe msuli wiki sita hadi nane kabla ya kuulaumu.

Wengi wangependa sindano, maana ni ya haraka. Ya steroidi hutuliza kweli, kwa wiki chache. Lakini utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2017 uliwachoma wagonjwa kila baada ya miezi mitatu kwa miaka miwili: gegedu zao zilipungua zaidi kuliko za waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa huko huko ukaonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliofanyiwa fiziotherapia walikuwa na nafuu kuliko waliochomwa steroidi.

Uzito nao una hesabu yake. Kwa mtu mnene, kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Kwa dawa, anza na jeli ya diklofenaki ya kupaka. Vidonge vyake, vinavyonunuliwa dukani kama peremende, huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha presha, na wazee wetu wengi tayari wana presha. Glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, ni ghali. Mwongozo wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya tiba, unawaambia madaktari wasiitoe.

Fimbo ishikwe mkono ulio kinyume na goti bovu. Wengi huishika upande wa ugonjwa. Anayeumia kupiga magoti aswali kwenye kiti, na choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha juu.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu yake, acha mazoezi na jeli. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.