Jinsi utafiti wa teknolojia unavyopigwa msasa kabla ya kuchapishwa

WAKAZI wa Port Victoria na vijiji vya Bunyala, Kaunti ya Busia, wanaufahamu vyema Mto Nzoia, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na mji huo. Mwaka 2008 mto huo ulivunja matuta yaliyojengwa kuuzuia, na mwaka 2020 mafuriko yakawafurusha tena maelfu ya watu makwao.

Sasa chukulia kwamba mtafiti anadai kubuni mtambo wa kuwaonya wakazi hao siku 2 kabla ya maji kufika. Ni nani atakayelipima dai hilo? Katika ulimwengu wa usomi, kazi hiyo hufanywa na majarida ya kitaaluma, kupitia utaratibu uitwao uhakiki wa wanataaluma wenza.

Mhariri anapopokea makala, kwanza hutazama iwapo inahusu fani ya jarida lake na iwapo imeandikwa ipasavyo. Nyingi huishia hapo. Zinazovuka mchujo huo hutumwa kwa wataalamu 2 au 3 wa fani hiyo, ambao kwa kawaida hawalipwi. Katika majarida mengi mwandishi hawajui wanaomhakiki. Katika mengine wao pia hufichwa jina lake, ili cheo au chuo chake kisiwazuge.

Maswali yao huwa makali. Kina cha maji kilipimwa wapi? Kwa misimu mingapi ya mvua? Mtambo ulitoa onyo la uongo mara ngapi? Hilo la mwisho ndilo zito zaidi, maana aliyehamisha watoto na mifugo usiku mara mbili bure hatahama mara ya tatu. Baadaye mhariri huamua kuikubali makala, kuirejesha irekebishwe au kuikataa. Shughuli nzima yaweza kuchukua miezi mingi.

Hata hivyo, wahakiki hawaendi mtoni. Husoma yaliyoandikwa tu, na anayebuni takwimu kwa ustadi aweza kuwapita. Isitoshe, kuna majarida yanayomtoza mwandishi ada na kuuruka uhakiki wenyewe. Mwaka 2013 John Bohannon alieleza katika jarida la Science alivyotuma makala bandia kuhusu tiba ya saratani, yenye kasoro za wazi, kwa majarida 304. Mtafiti mmoja wa kubuni alidaiwa kuwa katika taasisi ya Asmara, Eritrea, isiyokuwapo. Majarida 157 yaliikubali.

Wahadhiri hupandishwa vyeo kwa kuhesabiwa makala, hivyo kishawishi ni kikubwa. Afisa anayeletewa mtambo kwa ajili ya Bunyala na atazame ukurasa wa kwanza wa makala husika: majarida mengi huandika hapo tarehe ya kupokewa na ya kukubaliwa. Ikiwa kati yake zimepita siku 3 tu, aulize nani aliihakiki.