Farasi Mgonjwa Aliyeshinda Mara Tatu

Wapo watu waonao kilema cha mnyama kuwa hukumu ya mwisho. Achechemeapo huhesabiwa hasara, na mwenyewe hutafuta wa kumtupia. Habari ya farasi Red Rum yaidhihirisha kasoro ya hukumu hiyo, nayo yafaa kusomwa hata na sisi watu wa visiwani.

Red Rum alizaliwa Ireland mwaka 1965. Mwaka 1972 mfunzi Donald McCain alimnunua kwa gini 6,000 kwa niaba ya mzee Noel le Mare. Mara ikaonekana kwamba mnyama anachechemea, kwa maradhi ya mfupa wa ndani ya ukwato. McCain hakuwa mtu wa makuu. Mabanda yake yalikuwa nyuma ya duka la magari katika mji wa Southport, pwani ya Uingereza, na uwanja wake wa mazoezi ulikuwa mchanga wa ufuoni. Badala ya kumrudisha farasi sokoni, alimwingiza baharini akamtembeza majini. Akatoka hachechemei.

Mashindano ya Grand National hufanyika Aintree, karibu na Liverpool. Wakati huo farasi walikwenda zaidi ya kilomita 7 na kuruka vizuizi 30. Mwaka 1973 Crisp, farasi kutoka Australia, aliwaacha wenziwe mbali kabisa. Lakini alibebeshwa kilo 76, na Red Rum, aliyepandwa na Brian Fletcher, alibeba kama kilo 66. Crisp akaishiwa nguvu, naye Red Rum akampita hatua chache kabla ya mwisho. Wako waliosema kwamba uzito ndio ulioshinda. Jibu lilikuja mwaka 1974: Red Rum alibebeshwa kilo zile zile 76, akashinda tena. Mwaka 1975 na 1976 alikuwa wa pili. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 12 na akipandwa na Tommy Stack, alishinda mara ya tatu. Hakuna farasi mwingine aliyefikia ushindi wa mara tatu katika mashindano hayo.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme na upande wa pili. Vizuizi vya Aintree vimewaua farasi wengi, na malalamiko ya watu yamekuwa yakizidi. Vizuizi vimepunguzwa ukali, na tangu mwaka 2024 idadi ya washindani haizidi 34. Furaha ya watazamaji haiwi halali kwa sababu tu ni ya zamani.

Mwaka 1978, siku moja kabla ya mashindano, Red Rum alionekana ana ufa mdogo katika mfupa. Hakulazimishwa kukimbia, alistaafishwa kwa heshima. Alikufa mwaka 1995, akiwa na miaka 30, akazikwa Aintree penye nguzo ya ushindi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Bahari iliyomponya farasi yule haikununuliwa kwa fedha za kigeni. Ilikuwa mlangoni pa mfunzi wake. Wenye dhamana ya mifugo, na ya watu pia, wakumbuke kwamba kabla ya kuandika neno “hafai” katika daftari, sharti kwanza waulize: je, ametunzwa?