Meno Bandia: ya Kuvua au ya Kufungwa Mfupani
Meno bandia ya kuvua hukalia ufizi. Ya juu hushikwa vizuri na kaakaa. Ya chini ndiyo yanayosumbua, kwa kuwa mfupa wa taya husinyaa mwaka hadi mwaka baada ya meno kung'oka, na ulimi huyasukuma mtu anapozungumza. Tangu 1965, daktari Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alipompandikizia mgonjwa skrubu za titani tayani, meno bandia yanaweza kufungwa mfupani. Wataalamu waliokutana Montreal mwaka 2002 walipendekeza skrubu 2 kwa taya la chini lisilo na jino hata moja, na kwa wengi hizo zinatosha. Gharama, hata hivyo, ni kubwa, na mfupa huchukua miezi 3 hadi 6 kushikamana na titani. Kwa mvutaji sigara, au mwenye kisukari kisichodhibitiwa, skrubu huweza kulegea kwa urahisi zaidi.