Hewa Iliyonaswa Katika Maji ya Injini

Barabara itokayo Kombani kwenda Kwale hupanda Milima ya Shimba, na katika mpando huo ndipo gari lenye kasoro ya maji hujulikana. Huko Diani na Msambweni, penye nchi tambarare, laweza kwenda siku nyingi bila dalili. Lakini likianza kupanda limejaa abiria, geji ya joto huruka ghafula na mvuke hutoka chini ya boneti. Dereva hushangaa, kwani jana tu alibadili mpira wa rejeta na kujaza maji mpaka juu. Mara nyingi sababu yake ni hewa.

Maji yamwagwapo ili mpira au pampu ibadilishwe, hewa huingia mahali pake. Yakijazwa upesi, hewa hiyo hukosa njia ya kutoka, ikakaa palipo juu, karibu na thamostati au katika mabomba ya hita. Nayo haichukui joto kama maji. Chuma kilicho karibu nayo hupata moto mno, na silinda hedi ya alumini huweza kupinda. Tena geji yaweza kudanganya, maana kipima joto kikizungukwa na hewa hakionyeshi joto la maji.

Kuitoa hewa hiyo ni kazi ya nyumbani, ila yataka subira. Kwanza injini ipoe kabisa. Maji yaliyofungiwa katika rejeta hupita nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu ya shindikizo. Mfuniko ukifunguliwa yangali moto, huruka na kumbabua mtu uso.

Gari liegeshwe penye mwinuko, pua ikielekea juu, breki ya mkono ivutwe na mawe yawekwe nyuma ya magurudumu. Hita ifunguliwe upande wa moto. Hapo ndipo watu wa Pwani husahau, kwa kuwa nani atakaye joto ndani ya gari huko Ukunda? Lakini katika magari mengi ya zamani, hita ikifungwa maji hayapiti ndani yake, na hewa hubaki humo.

Maji hutiwa polepole. Ikiwa iko skrubu ya kutolea hewa, hulegezwa mpaka yatoke maji yasiyo povu, kisha hukazwa. Halafu injini huwashwa mfuniko ukiwa wazi, iungurume taratibu, mikono na nguo zikiwa mbali na feni. Thamostati hufunguka maji yafikapo nyuzi 80 hadi 90 hivi; mpira wa juu huwa moto, mapovu hutoka, maji hushuka, nayo huongezwa. Mapovu yakikoma, mfuniko ufungwe. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, maji yatazamwe tena.

Visima vingi vya mwambao vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yenye chokaa huacha ukoko ndani ya rejeta. Afadhali maji safi ya mvua, na bora zaidi dawa ya rejeta. Lakini dawa hiyo mara nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Isiachwe penye watoto wala mbuzi.

Mapovu yasipokoma hata kazi ikirudiwa, huenda gasketi ya hedi imepasuka na gesi ya silinda inaingia majini. Gari hilo lisipandishwe Kwale. Lipelekwe kwa fundi.