Mzazi, Kiti Chako Katika Kamati ya Shule Ki Wazi

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kuhudhuria mkutano wa wazazi katika shule yoyote ya msingi, iwe mjini Bukoba, iwe kule Kamachumu au Nshamba wilayani Muleba, basi waijua dakika ninayotaka kuizungumzia. Mwalimu mkuu amekwisha kusoma taarifa ya mitihani. Habari ya madawati imejadiliwa na sauti zimepanda. Kisha latajwa jambo la mwisho, yaani kuchagua wajumbe wa Kamati ya Shule, na ghafla kila mtu anatazama viatu vyake. Akina mama wanakumbuka sufuria walizoziacha jikoni. Akina baba wanakumbuka kwamba mvua inakuja. Mwishowe hupendekezwa mtu ambaye hakufika mkutanoni, naye huchaguliwa kwa shangwe.

Kamati hiyo si pambo. Imetajwa katika Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978, ambayo inataka kila shule ya msingi ya serikali iwe na kamati yake, na kila shule ya sekondari iwe na bodi yake. Katika shule ya msingi, mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, wala si mwenyekiti. Mwenyekiti hutoka miongoni mwa wazazi na wananchi wa mahali pale. Maana yake ni kwamba sheria imemweka mzazi mbele ya meza, na mwalimu mkuu pembeni yake akiandika kumbukumbu. Ni wazazi wachache wanaolifahamu jambo hili, na wachache zaidi wanaolitumia.

Mtu asije akadhani kwamba nawashutumu watu wa Bukoba na Muleba kuwa hawaipendi elimu. Nchi nzima inawatania kwa jina la “Nshomile”, yaani “nimesoma”, na wao wenyewe hulipokea jina hilo kwa tabasamu la mtu aliyesifiwa. Mkoa huu umekuwa na shule za misheni tangu zama za wakoloni. Lilipopitishwa Azimio la Musoma mwaka 1974, nalo likaweka lengo kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani, wananchi walibeba mawe, wakafyatua matofali na kuezeka. Katika miaka ya 1980, mikoa ya kahawa, Kagera ikiwa miongoni mwao, ilisimama mstari wa mbele kujenga shule za sekondari zisizo za serikali, kwa kuwa nafasi za serikali zilikuwa chache mno. Baada ya mwaka 2004 zikaja shule za kata, na nguvu za wananchi zikatumika tena.

Kwa hiyo, kujenga si tatizo. Tatizo ni kwamba jengo likisha kusimama, mjenzi anakwenda zake. Mzazi aliyebeba mchanga kichwani kwa mwezi mzima anaona haya kuuliza ilitumika mifuko mingapi ya saruji. Kutoa jasho tunaona ni wajibu. Kuuliza hesabu tunaona ni utovu wa adabu. Hapo ndipo mimi natofautiana na wengi.

Hebu tuzitazame hizo fedha zenyewe. Kuanzia Januari 2016, ada ilipoondolewa tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne, serikali ilipanga ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Katika hizo, shilingi 4,000 zilibakizwa kwa ajili ya vitabu, na shilingi 6,000 zikapangwa kupelekwa katika akaunti ya shule. Chukua kalamu, ndugu msomaji. Shule yenye watoto 600 itapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, ambazo ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kutokana na hizo yapaswa kupatikana chaki, karatasi za mitihani, vifaa vya michezo, ukarabati wa vyoo na kitasa cha mlango wa stoo. Fedha hizo ni ndogo kiasi kwamba shilingi 50,000 zikipotea mwezi mmoja, watoto wataliona pengo lake ubaoni. Kamati ndiyo inayopaswa kuidhinisha matumizi hayo. Mjumbe anayetia sahihi karatasi asiyoisoma anakuwa muhuri tu.

Kisha zipo fedha kubwa. Mwaka 2021, katika mpango wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini, kila kimoja kwa shilingi milioni 20. Havikujengwa na makandarasi wakubwa. Walitumika mafundi wa mahali pale pale, na shule zikaunda kamati ndogo za ujenzi, za manunuzi na za kupokea vifaa. Fikiri maana yake: lori la kokoto linapoingia uwanjani, anayepaswa kusimama na kusema “hii haijazi lori” ni mzazi mmoja ambaye jana yake alikuwa sokoni akiuza nyanya.

Katika Bukoba, suala la ujenzi hafifu si la nadharia. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, yapata saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitikisika kwa nguvu ya 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, na maelfu ya nyumba zikaanguka au kupasuka. Shule kongwe za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa, nayo Ihungo ikabidi kujengwa upya. Ilikuwa Jumamosi, nasi tumshukuru Mungu kwa hilo, kwani alasiri ya siku ya kazi madarasa mengi huwa na watoto. Tangu siku ile, mzazi ambaye ni fundi mwashi ana deni kwa shule ya mtaani kwake. Anajua kama ukanda wa zege umezunguka jengo lote au umeishia upande unaoonekana barabarani. Anajua nondo iliyopunguzwa unene. Mhasibu wa ofisini atatusaidia kusoma daftari, lakini ukuta unasomwa na fundi.

Naomba nitoke njiani kidogo, kwa kuwa Muleba ina kisa ambacho hakipatikani penginepo duniani. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, wanafunzi watatu walianza kucheka, wasiweze kujizuia. Kicheko kiliambatana na kilio, nacho kikaenea hadi kuwapata wasichana 95 kati ya 159. Shule ilifungwa katikati ya Machi, wasichana wakarudishwa makwao. Basi ugonjwa ukarudi nao: huko Nshamba, kwao baadhi yao, watu 217, wengi wao vijana na watoto, walipatwa na hali ile ile katika muda wa miezi miwili. Madaktari walipima maji, chakula na damu, wasione kitu. Wakahitimisha kwamba asili yake ilikuwa katika fadhaa ya nafsi. Watu wa ng’ambo hukisimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi hukisoma kama mzazi. Mtoto hubeba shule kuipeleka nyumbani, na hubeba nyumba kuipeleka shuleni, tutake tusitake. Fadhaa ya bwenini ilipotokea, wazazi waliipata habari pale tu watoto walipowasili mlangoni wakiwa wamekwisha kuugua.

Fadhaa ya watoto haikuisha mwaka 1962. Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi mjini Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu wake kwa tuhuma za wizi. Kanuni zinazohusu adhabu ya viboko zinasema wazi: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Nakuuliza, ndugu msomaji, umepata kukiona kitabu hicho katika shule ya mwanao? Mjumbe wa kamati anaweza kuomba kukiona, wala haihitaji ugomvi. Kitabu kikiwa hakipo, hilo nalo ni jibu. Septemba 2020, moto uliteketeza bweni la shule moja ya msingi wilayani Kyerwa, humu humu mkoani Kagera, na watoto 10 wakafariki. Kila mzazi mwenye mtoto bwenini ana haki ya kujua usiku ule milango inafungwa kwa ndani au kwa nje, ufunguo anao nani, na madirisha yana nondo za namna gani. Maswali ya aina hii hayamo katika karatasi ya mahafali. Huulizwa na mtu anayehudhuria vikao.

Bila shaka utaniambia kwamba huna nafasi. Unafanya kazi ya zamu, au unaendesha daladala, au umeajiriwa Dar es Salaam nao watoto wako kwa mama yako huko Muleba. Sababu ya kwanza naielewa. Kazi ya kamati haina mshahara, na saa ya kikao ni saa ya kipato iliyopotea. Lakini vikao si vya kila siku. Tena wazazi wana haki ya kuomba kikao kipangwe Jumamosi alasiri badala ya Jumanne asubuhi, saa ambayo wafanyakazi wote wako kazini.

Hiyo ya tatu, ya mtoto aliye kwa bibi, yataka maneno zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, vibanja vingi vilibaki na bibi na wajukuu tu. Bibi hao ndio walioshona vifungo vya mashati ya shule na kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, ule utaratibu wa kinyonyaji uitwao butura, ili mtoto apate daftari. Hata hivyo, mikutano ilipoitishwa “wazazi”, wengi wao waliketi nyuma kama wageni. Mwenye kulea ana haki yote ya kuchaguliwa. Na wale wasemao kwamba bibi hajui kusoma, na waende kwenye stoo ya shule siku ya kupokea maharage. Bibi aliyelima maharage miaka 50 katikati ya migomba hadanganywi kwa gunia lililojazwa pumba chini. Wewe uliyeko mjini unaweza kumpigia simu jioni ya kikao, akakueleza yaliyosemwa, nawe ukamsaidia kupiga hesabu.

Chakula ndicho kinachogombanisha wazazi kuliko jambo lingine lolote. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uliwaachia wazazi sare, daftari na chakula cha watoto wa kutwa, nao ukakataza mtoto kufukuzwa kwa sababu ya mchango. Januari 2018 Rais John Magufuli aliwapiga marufuku walimu kujihusisha na ukusanyaji wa michango. Wazazi wengi walielewa kwamba sasa hawadaiwi kitu, na sufuria nyingi zikapoa. Katika nchi ya migomba shida hiyo ina sura yake. Ndizi haziwekwi ghalani kungoja muhula. Kwa hiyo makande na uji wa shule hutegemea mahindi, ambayo jamaa nyingi hulazimika kuyanunua. Tangu mnyauko wa migomba ulipoingia Muleba mwaka 2006, wapo waliopoteza hata kile cha nyumbani. Mwalimu akitoa amri ya debe moja kwa kila mtoto, ataonekana dhalimu. Wazazi wenyewe wakikaa, wakapima uwezo wa kila kaya, wakakubali kwamba mwenye mahindi alete mahindi, mwenye maharage alete maharage, na asiye na kitu achanje kuni au ateke maji, hapo pana uwezekano wa sufuria kuwaka. Sisemi ni kazi rahisi. Daima yuko mtu mwenye gari ambaye huleta kuni.

Vipo pia visiwa vya Muleba, kama vile Bumbire, Ikuza, Goziba na Kerebe, ambako mzazi ni mvuvi. Huyu huhama na samaki, na mjumbe aliyechaguliwa mwezi wa kwanza huenda mwezi wa sita yuko mwalo mwingine. Walimu wa visiwani hulalamika kwamba vikao havitimii. Wavuvi wa dagaa, lakini, hufanya kazi kwa taa katika usiku wa giza, na mwezi unapokuwa mpevu hupumzika nchi kavu na kushona nyavu. Kalenda ya vikao ikipangwa kwa kufuata mwezi, wajumbe watapatikana wote, tena wakiwa wamelala usingizi wa kutosha. Jambo hilo halihitaji kibali kutoka Dodoma wala fedha ya mradi. Linahitaji mjumbe mmoja mvuvi aliyeketi mezani siku kalenda inapoandikwa.