Wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh: Mitambo ilikuwa imara, mazoea yakaiponza

WENGI wetu tunaposikia kuwa benki imeibiwa kwa kompyuta, hudhani kwamba wezi walikuwa na ufundi wa kupita kiasi. Wizi uliotokea katika Benki Kuu ya Bangladesh Februari 2016 ulihitaji ufundi, lakini ulitegemea zaidi tabia za kawaida za watu kazini.

Kwa mujibu wa hati ya mashtaka iliyowekwa hadharani nchini Marekani mwaka 2018, yote yalianza mapema mwaka 2015. Watumishi wa benki hiyo walipokea barua pepe yenye adabu kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kuwa anatafuta kazi, akiwaomba wasome wasifu wake. Wapo waliokubali. Pamoja na wasifu huo iliingia programu ya kijasusi, na wezi wakakaa ndani kwa miezi kadhaa wakijifunza taratibu za ofisi.

Walichojifunza vizuri kuliko vyote ni kalenda. Usiku wa Alhamisi, Februari 4, walituma maagizo 35 kwa Benki Kuu ya Marekani mjini New York, ambako Bangladesh ilikuwa na akaunti, wakitaka zihamishwe dola zipatazo milioni 951. Ijumaa ni siku ya mapumziko Bangladesh. Jumamosi na Jumapili, New York haifanyi kazi. Jumatatu, Ufilipino ilikuwa katika sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina.

Ipo pia habari ya printa. Ile iliyochapa kumbukumbu za malipo ilizimwa na wezi, lakini watumishi walidhani ni ubovu wa kila siku. Tuwe wakweli: ni nani kati yetu ambaye hajawahi kuipita printa mbovu bila kuuliza?

Hata kilichookoa sehemu ya fedha hizo kilikuwa jicho la binadamu. Dola milioni 20 zilizopelekwa Sri Lanka zilizuiwa baada ya neno moja katika jina la mpokeaji kuonekana limekosewa herufi. Dola milioni 81 zilifika Manila na nyingi zikapitishwa katika kasino, ambazo wakati huo hazikuguswa na sheria ya nchi hiyo dhidi ya utakatishaji wa fedha.

Kisha yakafuata makosa ya uongozi. Benki ilikaa na siri hiyo kwa wiki kadhaa, na Waziri wa Fedha wa Bangladesh alisema habari alizipata kwenye vyombo vya habari. Gavana Atiur Rahman alijiuzulu Machi 2016.

Takriban dola milioni 15 zilirejeshwa kutoka Ufilipino mwaka huo. Mwaka 2019, mahakama ya huko ilimtia hatiani aliyekuwa meneja wa tawi la benki lililopokea fedha hizo.