Je, Wajua Urefu wa Risasi Hubadili Nguvu Yake?

Risasi ya bastola inayouzwa zaidi duniani huitwa 9x19. Tarakimu ya kwanza ni unene wa kichwa chake kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ganda la shaba linalobeba baruti. Kuna kipimo cha tatu kisichotajwa kwenye jina: urefu wa risasi nzima, kuanzia kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa. Kikomo chake ni milimita 29.69, na ndicho kipimo kinachomnyima usingizi anayejitengenezea risasi.

Nchini Marekani kazi hiyo ni ya kawaida majumbani, hasa kwa wanamichezo wa kulenga shabaha. Ganda lililokwisha kufyatuliwa halitupwi. Fataki iliyoungua, yaani kiwashio cha baruti, hung'olewa, ganda likarudishwa umbo lake kwa mashine ya mkono, likatiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha kichwa kipya kikashindiliwa mdomoni. Juu ya kalibu inayoshindilia kuna skurubu ndogo. Ukiikaza, kichwa kinazama zaidi. Ukiilegeza, kinabaki juu. Baada ya kila marekebisho fundi huibana risasi kwenye taya za kalipa na kusoma tarakimu: 29.2, 28.9, 28.6.

Tofauti ya sehemu hizo za milimita ina uzito gani? Jibu limo ndani ya ganda. Nafasi ya ndani ya ganda la 9x19 haifikii hata robo ya kijiko cha chai, na kichwa hula sehemu yake. Kikizama zaidi, baruti ileile inabanwa mahali padogo zaidi. Baruti ya bastola huungua upesi, na kadiri shinikizo linavyopanda ndivyo inavyoungua kwa kasi zaidi, nayo kasi hiyo hulipandisha shinikizo tena. Kampuni ya Speer ya Marekani iliwahi kuchapa kwenye kitabu chake cha vipimo matokeo ya jaribio la 9x19: vichwa viliposhindiliwa ndani zaidi kwa inchi 0.030 tu, yaani chini ya milimita moja, shinikizo lilipanda kutoka vizio 28,000 hadi 62,000. Baruti haikuongezwa hata punje.

Katika hali ya kawaida, kikomo cha shinikizo cha risasi hii barani Ulaya ni megapaskali 235. Hilo ni takriban mara elfu moja ya shinikizo la upepo kwenye tairi la gari dogo. Mtutu umeundwa kulistahimili. Likiongezeka maradufu, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikatokea upande wa mkono wa mpigaji.

Basi kwa nini risasi zote zisifanywe ndefu, nafasi ikawa tele? Kwa sababu upande wa pili nao una ukuta wake. Risasi ndefu mno haiingii kwenye magazini. Ikiingia, inakutana na chemba. Mbele ya chemba kuna kipande kifupi kilicho laini, kisha inaanza mifereji inayokizungusha kichwa ili kiruke bila kuyumba. Kichwa kikigota kwenye mifereji hiyo kabla ya kufyatuliwa, bastola inaweza isijifunge sawasawa, na shinikizo likapanda kwa sababu kichwa kimekosa nafasi ya kuanza mwendo.

Hapa ndipo umbo linapoingia. Chukua vichwa viwili vyenye uzito mmoja, kimoja cha mviringo na kingine bapa chenye mabega mapana. Vishindilie vifikie urefu uleule. Kalipa itatoa jibu moja, lakini kile cha mabega kitagusa mifereji mapema zaidi. Ndiyo maana fundi makini haishii kwenye jedwali la kitabu. Huufungua mtutu kutoka kwenye bastola, akaudondoshea risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki. Inapaswa kutua kwa mlio mkavu, izunguke ikiguswa kwa kidole, na idondoke yenyewe mtutu ukigeuzwa. Ikinata, ni ndefu mno kwa mtutu huo, hata kama bastola nyingine inaipokea bila tatizo.

Historia ya risasi imejaa hesabu za namna hii. Georg Luger, mbunifu wa kampuni ya DWM ya Ujerumani, aliipata 9x19 mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuliondoa shingo ganda la risasi yake ya awali ya 7.65. Jeshi la majini la Ujerumani liliichukua mwaka 1904, na la nchi kavu mwaka 1908. Mwaka 1935 ilipotoka .357 Magnum, ganda lake lilifanywa refu kuliko la .38 Special kwa zaidi ya milimita tatu, makusudi, ili risasi hiyo kali isiingie kwenye bastola dhaifu zilizokuwepo. Urefu ukawa kufuli. Kisha mwaka 1990 ikaja .40 S&W. Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walikuwa wametaka risasi ya 10mm iliyopunguzwa nguvu. Baruti ilipopunguzwa, ganda likabaki na nafasi tupu. Watengenezaji wakalikata likawa fupi, na risasi ikaenea kwenye bastola za ukubwa wa 9mm.

Hata risasi ya kiwandani yenye vipimo sahihi inaweza kubadilika mikononi mwa mtumiaji. Askari au mlinzi anayeingiza risasi ileile kwenye chemba kila asubuhi na kuitoa kila jioni huigongesha ncha yake kila mara, na taratibu kichwa huzama ndani ya ganda. Kwa macho ni vigumu kugundua. Njia ya uhakika ni kuisimamisha kando ya risasi mpya ya kasha hilohilo na kulinganisha vimo. Iliyofupika haifai kupigwa tena. Irudishwe kwa mtunza silaha ikateketezwe.